Kijana Hateremki Bila Joho Lake

Siku ya kwanza ya Kilimia

Leo alfajiri Kilimia, lile kundi la nyota za wakulima, kimeonekana juu ya mlima. Miundu imenolewa, shayiri imeanza kuanguka, na mimi nimeanza kuandika. Ngozi hizi ni za mbuzi wangu mwenyewe. Zimetoboka hapa na pale, mchuuzi wa bandarini alizigeuzageuza akanirudishia. Basi nitaandika nikiruka matobo.

Herufi alinifundisha marehemu mume wangu Eukle, ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga majina ya watu miguuni mwa sanamu. Wanawake wanaojua kuandika kisiwani hapa Naksosi wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi Kleito ndiye kidole gumba.

Nitaandika habari za mwanangu Telesoni, maana nikiwaachia watu wengine wataziharibu. Ana miaka ishirini na miwili, mabega kama mlango. Huko juu machimboni anachonga kijana wa marumaru, urefu wake mtu mmoja na nusu, mguu wa kushoto mbele, mikono imenyooka ubavuni. Ni sadaka ambayo Bwana Damasia alimwahidi mungu Apolo wa kisiwa cha Delo siku meli yake iliponusurika na dhoruba. Mkuu wa kazi ni Fundi Miko. Lakini Fundi Miko siku hizi mikono inamtetemeka, macho yamefanya ukungu. Sasa ni nani hasa anayechonga? Sitaji jina. Ila nimemzaa.

Siku ya tano

Shayiri. Kiuno kinaniuma.

Siku ya tisa

Nimegombana na Fano kisimani. Si ugomvi wa kupigana, ni ule wa kucheka huku moyo unawaka.

Fano ni jirani yangu, shamba lake la mizabibu liko chini ya njia ya machimboni, kwa hiyo kila kinachoshuka mlimani lazima kipite juu ya kichwa chake. Akaniambia mbele ya wenzetu wote, "Mama Telesoni, jana nilipanda kuchuma mnanaa, nikamwona huyo kijana wenu."

"Umemwona? Si mzuri?"

"Mzuri kabisa. Nilimkalia nikapumzika. Nilidhani gogo."

Wakacheka mpaka mmoja mtungi ukamponyoka.

Nikamweleza, ingawa anajua vizuri kuliko mimi, kwamba kijana wa jiwe akiwa mlimani hachongwi akaisha. Anapunguzwa mpaka aonekane kichwa, mabega na miguu, lakini mwili mzima anaachiwa unene wa vidole vinne vya jiwe, ndilo joho lake. Joho linamkinga na mikwaruzo ya njia. Akifika Delo, wamalizaji wa huko wanamvua joho, wanamfungua macho na midomo.

"Halafu wanaandika jina lao mguuni," Fano akasema. "'Fulani alinifanya.' Sasa jina la mwanao liko wapi, mama Telesoni? Liko ndani ya joho?"

Hapo ndipo aliponipata. Maana ni kweli. Hao wamalizaji wanamkuta mtoto keshazaliwa, wao wanamnyoa nywele tu, kisha wanajiita baba.

Nikasema, "Siku ya kumteremsha njooni wote njiani. Mtaona pua. Mtaona midomo na magoti. Mtaona kila kitu alichokitia mwanangu, kabla hakijaguswa na mtu wa Delo."

Hakuna aliyeniomba niseme hivyo. Mdomo ulitangulia, mimi nikabaki nyuma naukimbilia.

Siku ya kumi na mbili

Nilimpikia dengu na vitunguu, nikamwekea jibini lile la pembeni ninaloficha. Akala, kisha akanitazama.

"Haya mama, unataka nini?"

"Kwani mama hawezi kumlisha mwanawe?"

"Jibini hili lina maneno ndani yake."

Nikamwambia: amfunue kidogo tu. Uso. Na lile jiwe lililo katikati ya miguu, linalofanya ionekane kama mtu aliyevaa gunia, alitoe, miguu ionekane miwili.

"Mama. Kijana hateremki bila joho lake. Fundi Miko aliniambia hilo kabla hata hajanipa nyundo."

"Vidole viwili basi. Umwachie viwili badala ya vinne."

"Hili si jibini, mama, useme nikukatie kipande."

Tukacheka. Lakini nilihesabu: ameshakataa mara moja.

Siku ya ishirini

Upepo mzuri wa kupepeta. Nimemwambia tena. Amekataa.

Siku ya ishirini na moja

Nimemwambia. Ameondoka bila mkate.

Siku ya ishirini na sita

Bioni, mtoto wa Fano, amerudi kutoka Misri alikokuwa askari wa kukodiwa. Ameleta shanga za buluu na mazungumzo marefu. Anasema kule kuna watu wa mawe warefu kama mitende ya huko, wamesimama na mguu mbele kama wetu.

"Lakini lile jiwe la katikati ya miguu hawalitoi," akasema. "Hata wakimaliza wanaliacha. Na mgongoni wanawaachia nguzo."

"Wavivu hao," nikasema.

"Wamesimama tangu kabla babu wa babu yako hajazaliwa, mama Telesoni."

"Hata mlima umesimama, mwanangu. Mtu anatakiwa aonekane anaweza kutembea."

Watu wakanipigia makofi, hata Fano. Nikalala nimeshiba maneno yangu mwenyewe.

Siku ya thelathini na tatu

Joto. Nyenje wanapiga kelele tangu jua lichomoze. Nimemwambia mara ya sita au ya saba. Hajibu tena, anatikisa kichwa tu kama ng'ombe anayefukuza nzi.

Siku ya thelathini na nane

Fundi Miko ameshikwa na homa, amepelekwa kwa binti yake kule ufukweni apate upepo. Kazi amemwachia Telesoni. Niliposikia nilimshukuru Apolo. Si kwa ajili ya homa, jamani. Kwa ajili ya nafasi.

Siku ya arobaini

Leo nimesema neno ambalo sasa hivi, ngozi ikiwa mapajani, sijui kama nalipenda.

Nilipanda na chakula cha mchana. Alikuwa peke yake kivulini mwa jiwe, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Nikamwambia, "Baba yako alichonga majina ya watu maisha yake yote. Jina lake liko wapi? Nionyeshe jiwe moja hapa Naksosi lenye jina la Eukle. Nionyeshe nikaliguse."

Akaacha kutafuna.

"Amekufa hakuna anayejua alifanya nini. Na wewe utakwenda hivyohivyo. Utatoa vijana kumi mlimani, ishirini, mimi nitakufa sijaona uso wa hata mmoja."

Kisha nikalia. Machozi yalikuwa ya kweli. Lakini pia nilijua yanafanya kazi gani.

Akainuka, akachovya uzi kwenye ngeu, ule udongo mwekundu wa mafundi, akaunyoosha juu ya uso wa lile jiwe, akauvuta na kuuachia. Mstari mwekundu ukabaki hapo puani.

"Nenda nyumbani mama," akasema. "Ukikaa hapa nitabadili mawazo."

Siku ya arobaini na tisa

Nimemwona!

Nitaandika polepole. Uso wake ni mrefu, mashavu yamejaa, macho kama lozi. Anatabasamu. Si kicheko, ni lile tabasamu la mtu anayejua jambo zuri na hana haraka ya kulisema. Nywele zimeshuka mabegani shungi kwa shungi kama shanga. Magoti yana mifupa yake. Na katikati ya miundi hakuna jiwe! Nilipitisha mkono wangu, nikaona vidole vyangu vikinipungia upande wa pili. Telesoni alisugua shavu moja kwa jiwe la msasa, shavu moja tu, mwanga ukaingia humo ukakaa.

Nikamwuliza, "Umefurahi?"

"Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya," akasema. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Nimealika watu. Nimealika mpaka wa kijiji cha pili.

Siku ya hamsini na tisa

Fundi Miko amerudi, amekonda. Alipanda machimboni kwa fimbo. Wanasema alimzunguka kijana mara mbili, akapiga magoti, akaweka kiganja pale katikati ya miundi, kwenye hewa. Hakufoka. Angefoka ningelala vizuri.

Alisema tu, "Lililotoka halirudi. Mtieni majani makavu katikati ya miguu, mmfunge ngozi za kondoo. Meli ya Damasia iko bandarini na siku ya sadaka imeshatangazwa. Tutateremka polepole."

Siku ya sitini na mbili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokwenda.

Asubuhi watu walijaa njia nzima, kutoka machimboni mpaka kisimani. Wanawake wamevaa nguo za sikukuu, watoto juu ya kuta. Mimi nilikuwa mbele kabisa, na shada la maua kichwani, nikionyesha kidole kana kwamba njia yenyewe ni yangu. Wanaume wa machimbo waliponifikia nikawaambia wamfunue ngozi ile ya usoni. Wakamfunua. Watu wakasema "aaah" kwa pamoja, na nakiri, nilijisikia mrefu kuliko yeye.

Amelazwa chali juu ya kitanda cha mbao nene, magogo yaliyopakwa mafuta yanapita chini. Nyuma wanaume ishirini na maksai wawili wanazuia kwa kamba. Fundi Miko mbele anapiga mluzi: mmoja legeza, miwili shika. Telesoni alikuwa pembeni ya miguu ya kijana, mkono wake juu ya zile ngozi za kondoo, njia nzima hakuuondoa.

Walipofika kwenye kona iliyo juu ya shamba la Fano, kitanda kilishuka kutoka gogo moja kwenda lingine. Kishindo kidogo tu, kama mtu anayeshuka ngazi akadhani zimekwisha kumbe bado moja. Mimi mwenyewe sikushtuka.

Kisha: ta!

Sauti ndogo. Kama ya chungu jikoni kwa jirani. Muundi wa kulia ulikatika palepale ambapo nilipitisha mkono wangu. Mguu ulipokatika, kamba za chini zikalegea, kijana akabiringika upande. Miko akapiga miluzi miwili, akapiga tena, lakini jiwe halisikii mluzi. Kijana alivunja ukuta wa shamba, akaiburuta mizabibu mitatu, akatulia chini ya mtini.

Alitulia chali. Amewatazama watu wote, ule uso niliouomba, anatabasamu.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Apolo. Maksai mmoja alipiga magoti tu. Watu mia mbili na hakuna hata mtoto aliyelia. Nikamtafuta Telesoni. Alikuwa bado amesimama njiani, mkono wake uko vilevile, kiganja chini, juu ya kitu ambacho hakipo tena.

Fundi Miko akamwuliza, si kwa sauti kubwa, "Nani alikuambia ulitoe jiwe la katikati?"

Telesoni akasema, "Hakuna."

Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale. Nilikuwa na mdomo. Leo ndiyo siku ya kwanza tangu nizaliwe kuwa nao na usinisaidie.

Siku ya sitini na tatu

Kwa desturi, jiwe lililoahidiwa mungu likivunjika linaachwa palepale lilipoangukia. Halikatwi likawa birika la ng'ombe, halijengewi ukuta. Kwa hiyo kijana ni wa shamba la Fano sasa, milele, na kila anayekwenda kisimani atampita.

Nilitaka aonekane. Anaonekana.

Siku ya sitini na nne

Telesoni hasemi nami. Anakula ninachompa, anasema asante, anatoka.

Siku ya sitini na sita

Leo walikaa uwanjani pa kupuria kumhukumu Telesoni. Bwana Damasia alikuja na kaka zake wawili na mkufu wake wa dhahabu. Wanaume wa machimbo walikaa upande mmoja. Wanawake tulisimama nyuma ya ukuta, maana mwanamke hasemi pale asipoulizwa.

Damasia akasema, "Mkono uliovunja sadaka ya Apolo usiguse jiwe tena kisiwani hapa. Akachunge mbuzi. Au aende akapige makasia."

Nilijua maana yake. Mwanangu hana kitu kingine mikononi mwake. Kumnyang'anya nyundo ni kumwacha na mikono miwili ya kulia chakula.

Fundi Miko akamwuliza tena, "Wewe ulijua sheria ya joho. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, Fundi."

"Unajua tunalokuamulia hapa?"

"Najua."

Hata kichwa hakugeuza upande wetu. Na hapo nikaona kwamba kumbe mtoto ananificha mimi, ananifunika kwa joho, na mimi ndiye niliyemvua lake.

Nikapanda juu ya ukuta. Kwa miguu hii ya miaka arobaini na sita nikapanda, nikarukia upande wa wanaume.

"Mimi ndiye niliyemtuma."

"Nani huyu?" Damasia akauliza.

"Mama, nyamaza," Telesoni akasema.

"Mwacheni aseme," akasema Miko.

Basi nikasema. "Nilimwomba mara tisa. Mara nane alikataa. Ya tisa nilimtaja baba yake aliye kaburini, nikalia mpaka akakubali. Nilitaka hawa waone pua." Mtu akacheka kule nyuma. "Ndiyo, pua! Nilitaka Fano aone pua. Nimevunja sadaka ya Apolo kwa ajili ya maneno ya kisimani. Kama kuna wa kuchunga mbuzi ni mimi, na tayari ninao."

Kisha nyuma ya ukuta sauti ikasema, "Na mimi ndiye niliyemchokoza. Nilimwita kijana gogo." Alikuwa Fano. Nikashangaa kama ningesikia mbuzi anaimba.

Nilidhani imekwisha, kwamba nikisema kweli kila kitu kitarudi mahali pake. Fundi Miko akanitazama kwa macho yake ya ukungu, akasema, "Kleito, umesema vizuri, na haijabadilisha kitu. Wewe hukushika nyundo. Mwenye nyundo ndiye mwenye kusema hapana, hata kwa mama yake. Hasa kwa mama yake."

Hilo nalo liandikwe.

Kisha akamgeukia Damasia. "Bwana, huyu anajua kuchonga kuliko mimi. Asichojua ni kukataa, na hilo hufundishwi ukichunga mbuzi. Kuna jiwe lingine nililolianza mwaka jana. Kabla Kilimia hakijazama na bahari haijafungwa na dhoruba za baridi, Apolo atapata kijana wake. Naweka jina langu. Huyu nitampa upande mmoja tu."

"Upande gani?"

"Mgongo."

Wanaume wakacheka sana. Hapa kwetu kila jiwe lina pande nne, na kila upande una mistari yake ya ngeu na mtu wake. Mbele anapewa bora, ubavu wanapewa wa kati. Mgongo anapewa anayejifunza.

"Mgongo hauna pua," Miko akasema. "Hakuna atakayemjia kumwomba aufunue."

Damasia akafikiri, akakubali.

Siku ya sitini na saba

Fano ameleta kikapu cha tini. Nikamwambia nitamlipa mizabibu yake mitatu. Akasema, "Acha ujinga, mama Telesoni. Jana kuna mwanamume alipita akamtemea mate kijana. Nilimrushia jembe." Kisha akasema, "Ana uso mzuri. Asubuhi jua likimpata nasimama tu." Tulikula tini zote tukiwa tumesimama.

Siku ya sabini

Telesoni leo amesema: "Chumvi." Nikampa.

Siku ya sabini na tisa

Upepo wa kaskazini siku saba mfululizo. Paa la banda limeng'oka.

Siku ya tisini na tano

Napeleka chakula machimboni, naweka juu ya jiwe, narudi. Sisemi kitu. Wanaume wamezoea, wananiita bubu. "Bubu kaleta zeituni!" Mimi, Kleito, bubu! Nikifika nyumbani namweleza mbuzi mwenye pembe moja yote niliyoyameza. Anasikiliza vizuri, ila anatafuna ngozi zangu za kuandikia.

Siku ya mia na kumi na mbili

Zabibu zinavunwa. Leo nilipoweka chakula nigeuke, Telesoni akasema, "Mama, njoo."

Jiwe jipya lilikuwa limelala kifudifudi. Akachukua mkono wangu, akauweka katikati ya mabega ya kijana. "Fuata."

Nikafuata. Kuna bonde linaanzia shingoni, linateremka kwa wepesi, linaingia kiunoni kisha linapanda tena. Hata chini ya joho la vidole vinne unalihisi, kama mtu aliyelala ndani ya shuka.

"Mistari yote ya pande nyingine inapimwa kutoka hapa," akasema. Akaning'iniza timazi kwenye ubavu nione. "Huu ukipinda kidogo, kifua kinapinda, uso unaangalia pembeni. Kule kwenye wa kwanza sikuufikiria mgongo hata siku moja. Nilifikiria uso tu."

"Kwa sababu yangu."

Akafikiri. Hakukimbilia kunifariji, na nilimpenda kwa hilo. "Kwa sababu yako," akasema. "Na nilipenda pia, mama. Usiuchukue wote peke yako."

Nikamwuliza kama miguu ya huyu...

"Lile jiwe la katikati lipo. Unene wa mkono mzima." Akanitazama. "Hutaniomba?"

Nilikuwa na maneno kumi mdomoni. Nilikuwa na neno la jinsi mgongo huu ungependeza wakiupiga msasa kidogo tu, hapa kiunoni tu. Nikachukua kikapu changu.

"Kula kabla mkate haujakauka," nikasema.

Siku ya mia na thelathini

Mvua ya kwanza. Zeituni bado.

Siku ya mia na arobaini na nne

Fundi Miko alinisimamisha njiani. "Mwanao jana alinikatalia," akasema. "Nilimwambia apunguze begani, ili jiwe liwe jepesi. Akasema hapana, Fundi. Nikamwambia tena kwa ukali. Akasema hapana, Fundi."

"Nani alikuwa sahihi?"

"Yeye. Nilikuwa najaribu tu." Akaenda zake anachechemea na anacheka peke yake. Mzee huyu nilikuwa namwona kama ukuta uliosimama mbele ya mwanangu. Nilikuwa naangalia upande mbaya wa ukuta.

Siku ya mia na sitini na nane

Kesho kutwa Kilimia kitazama. Leo wamemteremsha.

Safari hii watu walikuwa wachache, ni msimu wa kulima na kulikuwa na manyunyu. Hakuna mashada. Mimi nilibeba mtungi wa maji na kibuyu cha mafuta ya kupaka magogo, kazi ya mtu yeyote. Kijana alilazwa chali, amevaa joho lake zima. Hana macho wala mdomo. Miguu yake imeshikana kama ya mtu aliyesimama ndani ya mto.

Kwenye ile kona kitanda kikashuka gogo kwa gogo, kishindo kilekile, nikafumba macho. Mluzi mmoja. Mluzi mwingine. Nilipofumbua walikuwa wameshapita, na wa kwanza alikuwa amelala shambani kwa Fano, amelowa, anawatazama wakimpitisha mdogo wake.

Bandarini Bwana Damasia alikuja na wageni wake. Wakamzunguka kijana wanamsifu. Kifua kile, ona! Kichwa kimekaa vizuri! Wakamsifu aliyechonga mbele, mtu wa machimbo ya upande wa pili, akawa anainama kushoto na kulia. Telesoni alikuwa majini mpaka kiunoni, anaongoza mbao za kumpandisha melini.

Mwanamke mmoja wa mjini, sijui mke wa nani, akaniona na mtungi wangu. "Na wewe mama, una mtu wako hapa?"

Fano alikuwa pembeni yangu. Akanigeukia, akanitazama, akangoja. Alidhani anajua kitakachotoka.

"Nimeleta maji tu," nikasema.

Fano akanibana kiwiko mpaka nikapata alama, ninayo hapa.

Sikusema pale, lakini ngozi hii ni yangu, na mbuzi alikuwa wangu. Walipomweka katikati ya meli, alilala chali kama alivyoshuka mlimani. Meli ikazama kidogo, ikatulia, haikuegemea upande wowote. Uso utakaofunguliwa na watu wa Delo, kifua walichokuwa wanakisifu, mabega, mikono, miguu na jiwe lake la katikati, uzito wote ule, ulikuwa umelalia kazi ya mwanangu.